Mutoto, Unaruka Maneno



Nataka kuwapa habari ya Jumamosi moja, mwandishi alipokuja kwetu hapa Lubumbashi, katika nyumba ya mikutano ya kanisa, kuonyesha kitabu chake kipya. Kwa Kifransa wanaita vernisaji; wengine wanasema kubatiza kitabu. Mchungaji wetu akasema: «Hapa tunabatiza watu. Kitabu tutaiombea tu.» Watu wakacheka, akaomba, tukaanza.

Mwandishi alizaliwa katika kampi ya wafanyakazi wa mgodi, na kitabu chake kinaeleza maisha ya kule. Kimeandikwa kwa Kifransa. Mbele walikaa bamama wa kwaya, na wengi wao hawakusoma Kifransa. Basi nikaitwa kutafsiri, kwa kuwa siku ya Mungu natafsiri mahubiri. Nilijivuna kidogo, sitaficha.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ukurasa wa mshahara. Pale mwandishi anaeleza baba mmoja aliyepokea mshahara, akaumaliza kwa pombe mbele ya kufika nyumbani, na bibi yake akalia usiku mzima. Nikatazama wazee wa kanisa waliokaa pale, nikamwona na nkambo wangu. Haya ikanishika. Nikasema tu: «Siku ile baba hakukuwa na feza.»

Mama mmoja mzee, karibu na nkambo, akainua mkono. «Mutoto, unaruka maneno. Miye sikusoma, lakini salaire na bière naijua, nilikaa mu kampi miaka mingi. Sema yote.»

Watu wote wakacheka. Jasho likanitoka. Nikarudia, safari hii neno kwa neno, mpaka machozi ya yule bibi.

Mama mwenyewe hakucheka. Akamwambia mwandishi: «Baba, umeandika muzuri. Lakini pale umekosa. Hatukulia usiku muzima. Nani angelisha batoto? Asubui tulikamata jembe, tukaenda ku shamba. Mihogo tuliuzisha, njo ilisomesha batoto.» Mwandishi akatoa kalamu, akaandika.

Akauliza tena: «Na juu ya nini habari yetu haiko mu Kiswahili?»

Mwandishi hakujitetea. Alisema Kifransa ndicho alichofundishwa kuandika. Kisha akatueleza juu ya kitabu kidogo cha mwaka 1965, kinachoitwa Vocabulaire, yaani habari ya mji huu tangu ulipoitwa Elisabethville. André Yav alikiandika kwa ajili ya wale waliofanya kazi ya boyi katika nyumba za wazungu. Alitumia Kiswahili cha hapa hapa, hiki tunachosema nyumbani, na kikapigwa kwa mashini tu, sawa na gazeti letu hili. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wataalamu wa inchi za mbali wanakisoma. Bamama wakapiga vigelegele.

Wandugu, mimi nilifikiri kazi yetu siku kama ile ni kusikiliza, kupiga makofi na kununua. Kununua ni vema: darasa letu tulichanga feza, tukapata kimoja, kiko katika bibliyoteki. Lakini watu ambao kitabu kinasema habari zao wanapaswa kusikia yote, hata ile ya haya, ili wapate kujibu. Nilitaka kuwafichia wazee mambo waliyoyajua kunipita mimi. Kama yule mama hangeinua mkono, mwandishi angerudi kwake na kosa lake, na sisi tungebaki bila habari ya mihogo.

Tulipokuwa njiani kurudi, nkambo alinyamaza sana. Karibu na nyumba akasema: «Hata miye nililima ile shamba.» Miaka yote nimekaa naye, hakunieleza hata neno moja la jambo hili. Wala mimi sikuuliza.

Sasa kila jioni namwuliza, naandika katika kayé. Kwa Kiswahili. Siku ingine mwandishi akija, leteni nkambo zenu, na mwenye kutafsiri asiruke.

Mungu awabariki.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano