Mbio za Paulo na kwaya yenu

Mjukuu wangu mpenzi,

Habari zimefika huku kijijini kwamba umechaguliwa mwenyekiti wa kwaya ya vijana, na kwamba sare za mashindano ya jimbo zimeshashonwa. Babu yako amefurahi sana. Lakini imefika na habari nyingine: wanakwaya watatu wasioshika sauti upesi wameambiwa wakae pembeni hadi mashindano yapite, na andiko lililosomwa siku hiyo ni lile la mtume Paulo kuhusu wapiga mbio na tuzo.

Andiko hilo lina kwao. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, kati ya mwaka 50 na 52, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka mjini palikuwa na Isthmia, penye hekalu la Poseidoni, ambako Wagiriki walimiminika kila baada ya miaka miwili kwa ajili ya michezo. Mshindi alivikwa shada la majani. Waliosoma barua ya Paulo walizijua mbio hizo, na walijua gharama yake: kwenye michezo mikubwa zaidi, ile ya Olympia, mwanariadha aliapa mbele ya sanamu ya Zeu kwamba amefanya mazoezi kwa miezi 10 mfululizo.

Mfano huo umo katika 1 Wakorintho, sura ya 9. Wahubiri wengi huunyofoa hapo na kuondoka nao, wakaacha nyuma sura ya 8, inayohusu nyama.

Pale Korintho nyama nyingi ilipitia kwanza kwenye madhabahu za miungu. Hekalu la Asklepio lilikuwa hata na vyumba vya kulia chakula, na wanaakiolojia wamevifukua. Waumini wenye ujuzi walikula bila wasiwasi, kwa kuwa sanamu si kitu. Ndugu zao wachanga katika imani waliona na wakajeruhiwa dhamiri. Paulo anakubali hoja ya wenye ujuzi, kisha anawasihi waiache haki yao kwa ajili ya hao dhaifu. Katika sura ya 9 anaeleza alivyofanya yeye: alikuwa na haki ya kulishwa na kanisa, na haki ya kusafiri na mke, asizitumie. Hapo ndipo wanapoingia wapiga mbio. Anachokitaka Paulo kutoka kwa mwanariadha ni kule kujizuia kwake, na anataka kujizuia huko kumfae ndugu aliye dhaifu. Kumtoa mbioni huyo dhaifu kwa andiko hilohilo ni kuligeuza kichwa chini miguu juu.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, nao unataja mbio, na unachodai ni saburi. Watanzania tuliiona saburi hiyo tarehe 20 Oktoba 1968 katika jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wanariadha 75 walianza marathoni ya Olimpiki. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji na kuendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, watazamaji wengi wameshaondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Kushindana si dhambi, mjukuu wangu. Fanyeni mazoezi hata usiku, mwalimu awe mkali. Ila Jumamosi hii, kabla kinanda hakijapigwa, waite wale watatu kwa majina mbele ya wenzao na uwaombe radhi. Kila mmoja aketi karibu na anayeijua sauti yake vizuri. Kisha someni sura ya 8 hadi ya 10 kwa pamoja, bila kuruka. Kama sare zao zimeshagawiwa wengine, mwambie mama yako. Babu atatuma fedha ya kitambaa mwisho wa mwezi.

Ni mimi babu yako.