Mto Sio Upimwe kwa Kipimo Kimoja

Hapa Townsville, kaskazini-mashariki mwa Australia, somo la ikolojia ya matumbawe halikamiliki darasani. Mwanafunzi hupelekwa kwenye miamba ya Great Barrier Reef, inayoenea takriban kilomita 2,300, na Chuo Kikuu cha James Cook kina kituo chake cha utafiti katika Kisiwa cha Orpheus. Mwanafunzi hutandaza utepe wa kupimia juu ya mwamba, kisha huogelea taratibu kando yake akiandika kwenye kibao kisicholowa: matumbawe hai ni kiasi gani, yaliyokufa ni kiasi gani, mwani umeenea wapi, samaki ni wa aina gani.

Vifaa vya kuzamia huvutia macho, lakini ninachokithamini zaidi ni kumbukumbu. Taasisi ya sayansi ya bahari ya Australia ilianzishwa mwaka 1972, na tangu miaka ya 1980 wataalamu wake hurudi kwenye miamba ileile na kuipima kwa mbinu zinazolingana. Joto lilipopausha matumbawe mwaka 2016, na tena 2017, hali ya awali ilikuwa imeshaandikwa. Hasara ilipimika.

Kwetu Busia hatuna matumbawe. Tuna Mto Sio, ambao sehemu yake ndiyo mpaka wa Kenya na Uganda kabla haujamwaga maji yake Ziwa Victoria. Sio Port iko Kenya, Majanji iko Uganda, na Wasamia wanaishi pande zote mbili. Karibu na mdomo wa mto maji yana tope, na utepe wa Townsville usingeonekana. Utafiti hufanyika mwaloni. Mashua zikirudi asubuhi, mwanafunzi hupima urefu na uzito wa sangara na ngege, huuliza nyavu zilitegwa wapi na matundu yake yana ukubwa gani. Akienda majini hushusha kisahani cheusi na cheupe kuona mwanga unafika wapi. Kwa sababu ya kichocho, hakanyagi maji ya ukingoni bila mabuti ya mpira.

Katika jambo moja nyumbani tuna utajiri mkubwa. Mzee aliyeanza kuvua kabla ya miaka ya 1980 anawakumbuka furu wa kila rangi, kabla ya sangara, waliopandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, kuongezeka na kuwamaliza wengi wao. Mzee huyo huyo atakuonyesha mawe ambako furu bado wanapatikana. Wanasayansi nao wamethibitisha kwamba furu wa kwenye mawe walisalimika kuliko wale wa maji ya wazi. Mawe ya ziwani huwahifadhi samaki wadogo kama matumbawe yanavyowahifadhi wa baharini.

Tunakokwama ni kuunganisha. Upande wa Kenya kuna Chuo Kikuu cha Alupe. Upande wa Uganda kuna Busitema, chenye kampasi pia Nagongera, wilayani Tororo. Lakini anayetaka kupima kingo zote mbili za Sio anahitaji kibali cha tume ya sayansi ya Kenya, NACOSTI, Nairobi, na kingine cha baraza la sayansi la Uganda, Kampala. Kwa mwanafunzi mwenye muhula mmoja na nauli ya kuhesabu, ni rahisi zaidi kubaki upande wake. Hivyo maji yaleyale yanapimwa nusu nusu, na tasnifu zinabaki rafuni.

Ushirikiano si jambo geni kwetu. Mwaka 1947 kulianzishwa Jinja shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki nzima. Na baada ya joto la 1998 kuua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, mwaka uliofuata lilizaliwa shirika la utafiti la CORDIO, lenye makao Mombasa, ambalo limekusanya pamoja taarifa za miamba ya nchi mbalimbali.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wa Alupe na Busitema: chagueni vituo vichache mdomoni mwa Sio, kubalianeni mbinu moja, na pelekeni wanafunzi wa pande zote mbili kila mwaka, msimu uleule. Serikali zetu ziwape kibali kimoja kinachotambulika Nairobi na Kampala. Na matokeo yasomwe mwaloni, kwa Kisamia na Kiswahili, mbele ya wavuvi waliotoa samaki wao wapimwe. Wao ndio wenye haki ya kuyasikia kwanza.