Mto Hauzai Almasi

Kwetu Opala, jiwe likionekana kwenye changarawe za Lomami, wachimbaji husema mto umezaa. Kwa mwanafunzi wa isimu kitenzi hicho si kitu kidogo, kwani aliyezaa leo hutazamiwa kuzaa tena.

Jiolojia ina vitenzi vingine. Almasi ni kaboni iliyobanwa kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi, kwenye joto linalozidi nyuzi 900. Nyingi zina umri wa miaka zaidi ya bilioni 1. Zililetwa juu na mwamba wa moto uitwao kimbaliti, jina lililotokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Mwamba huo ulipanda ukiwa uji wa mawe, ukazibeba almasi kama abiria, ukapoa karibu na uso wa dunia. Ungepanda polepole, abiria wangegeuka grafiti, ile iliyomo ndani ya penseli.

Miamba ya moto hutofautiana pia kwa kasi ya kupoa. Uji ukipoa taratibu kilindini, fuwele hupata muda wa kukua, nasi tukapata graniti. Lava ya Nyiragongo iliyotiririka kuelekea Goma mwezi Mei 2021 ilipoa haraka, kwa hiyo chembe zake nyingi ni ndogo mno kwa macho.

Baadaye mvua na mito huumomonyoa mwamba. Almasi, kwa ugumu wake, husalia. Maji huisukuma, kisha huiacha yanapopunguza mwendo: kwenye kona, nyuma ya majabali, katikati ya kokoto. Lomami basi ni mchukuzi tu.

Mjomba wangu amerudi kwenye shimo moja misimu minne, kwa sababu liliwahi kumpa jiwe. Karo ya binamu zangu inangoja uzazi wa pili. Sina kazi nyingine ya kumpa, hivyo simwambii aache. Ila siku hizi nikiongea naye nasema mto umeleta. Mwanzoni alicheka. Juzi akaniuliza: “Mjomba, kama liliteremka na maji, lilitoka upande gani?” Kuhusu kitu kilichozaliwa palepale, asingeuliza hivyo.

Hata majina yamesafiri. Almasi ilitufikia kupitia Kiarabu, na diama ya mitaani Kisangani kupitia Kifaransa. Yote mawili yana asili katika neno moja la Kigiriki, lenye maana ya kisichoshindika.

Kitivoni tunahangaika sana na nomino: kimbaliti, graniti, magma. Nomino huazimwa, zikapewa irabu ya mwisho, zikazoeleka. Ningependa tuhangaike vivyo hivyo na vitenzi, maana kitenzi ndicho kinachomwambia mchimbaji kama kesho arudi kwenye shimo lilelile.