Chumba Chini ya Nyumba: Je, Chafaa?

Kila aliyejenga katika miteremko ya Mwanza ajua jambo hili, ya kwamba nyumba zetu zina msingi wa namna mbili. Upande wa mlimani msingi wagusana na ardhi, wala hauonekani. Lakini upande wa ziwani wapanda juu kama ukuta wa boma, hata mtu aweza kusimama chini ya sakafu ya mwenziwe. Wajenzi wengine hujaza nafasi hiyo kwa mawe na kifusi. Wengine huiacha wazi, wakaweka juu yake jamvi la zege lenye nondo. Nyumba yetu hapa Butimba ni ya namna hii ya pili, nasi kwa miaka mingi tumeweka humo majembe, mbao na baiskeli. Mwaka jana likaja swali: je, yafaa tuifanye nafasi ile kuwa chumba cha kukaa watu?

Swali hili halikuzaliwa na tamaa. Mama mkwe wangu alikuwa akikaa peke yake huko Magu, na magoti yake yamechoka, tena ana pumu. Nyumba yetu ina ngazi 19 toka njiani hata mlangoni, lakini nafasi ile ya chini iko sawasawa na njia. Mume wangu akasema, “Mama akae chini, asipande ngazi tena.” Mwanetu mkubwa naye akaongeza kwamba nafasi yaweza kugawanywa sehemu mbili, ya pili apangishwe mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu, na kodi itusaidie karo za wadogo zake. Mimi sikukataa wala sikukubali. Nikaomba tupewe miezi kadhaa tupime kila jambo, na masika yawemo katika miezi hiyo, maana nyumba ya Mwanza haijulikani tabia yake wakati wa kiangazi.

Jambo la kwanza nililotaka kulifahamu ni hili: kwa nini katika nchi za baridi vyumba vya namna hii ni vingi, na kwetu ni vichache? Sababu yake si fahari. Katika nchi zile ardhi huganda wakati wa baridi, na maji yaliyoganda hutanuka na kuinua udongo pamoja na kile kilicho juu yake. Kwa hiyo mjenzi hulazimika kuushusha msingi chini kupita mahali pafikiapo baridi, mara nyingi zaidi ya mita moja. Naye akiisha kuchimba hivyo, kuchimba kidogo zaidi apate chumba si gharama kubwa. Sisi ardhi yetu haigandi, na msingi hautudai kina hicho. Kilichotupa sisi nafasi chini ya nyumba ni mteremko tu, wala mteremko haukupima kimo cha mtu.

Basi tukapima sisi. Toka ardhi hata chini ya jamvi tulipata mita 1.9. Chumba cha kukaa mtu chataka kama mita 2.4, ili hewa ipate nafasi, na mtu asijione kama yumo kaburini. Na sakafu mpya, yaani kokoto na zege juu yake, yala sentimita 15. Kwa hiyo ingetupasa kuchimba sentimita 65. Fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, akaja akatazama, akapiga ukuta kwa kiganja chake, akasema, “Mama, nyumba yako imesimama juu ya udongo huu unaotaka kuuondoa. Ukichimba kando ya msingi kwa kina kupita kitako chake, udongo ulio chini yake utateleza kuja kwako.”

Akatueleza njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kando ya kila ukuta kipande cha udongo cha mita moja hivi kisichoguswa, na kuchimba katikati. Lakini upana wetu ni mita 3.6; ukiondoa mbili, yabaki 1.6, nayo ni ujia, si chumba. Njia ya pili ni kuchimba chini ya msingi vipande vifupi vya mita moja hivi, kimoja kimoja, na kukijenga kila kimoja kwa zege hata kikauke ndipo kishikwe kingine, tena kisicho jirani na cha kwanza. Kazi hiyo ni ya subira nyingi, yataka mhandisi, na kibali cha Halmashauri ya Jiji. Tena pembeni upo mwamba wa matale kama mgongo wa kiboko. Watu wa Mwanza huupasua mwamba kwa kuuchoma moto. Lakini nani awashaye moto mkubwa chini ya jamvi la nyumba yake mwenyewe? Ungepasuliwa kwa nyundo na tindo tu, siku baada ya siku.

Hapo nikakumbuka Kariakoo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maghorofa lilianguka huko Dar es Salaam mchana kweupe, wakafa watu zaidi ya 20. Habari za siku zile zilieleza kwamba chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kuongeza nafasi ya biashara. Serikali ikaunda tume kuyakagua majengo mengine ya Kariakoo. Mimi si mhandisi, wala nyumba yetu si ghorofa. Walakini fundisho la nafasi ya chini ni moja kwa mkubwa na mdogo: kilicho juu hakikungoji umalize kazi ndipo kiegemee.

Jambo la pili lilikuwa maji. Masika yalipokuja nilishuka kila baada ya mvua na taa mkononi. Ukuta wa nyuma, ule ulioshikana na mlima, ulitoa jasho toka chini hata kimo cha goti, na baada ya siku chache ukaota unga mweupe wa chumvi. Kaka yangu, ambaye husomesha hesabu, akanifanyia hesabu moja ambayo imenikaa moyoni. Maji yakijaa nyuma ya ukuta kwa kimo cha mita 2, na ukuta wenyewe una urefu wa mita 4, basi yausukuma kwa nguvu ya uzito wa tani 8. Rangi na plasta haziwezi kuzuia nguvu hiyo. Dawa yake ni kuyapa maji njia: kuchimba mfereji nyuma ya ukuta, kuweka bomba lenye matundu, na kulifunika kwa kokoto, ili maji yazunguke nyumba yaende zake. Na ndugu zetu wakaao karibu na ufuko wana shida kubwa kuliko hii, maana ziwa lenyewe hupanda. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kama mita mbili na nusu, na mwaka 2020 likafika tena kimo kile. Mwenye nyumba ya ufukoni asichimbe kamwe.

La tatu ni hewa. Mahali penye unyevu huota ukungu, na ukungu ni adui wa mwenye pumu. Tena katika miamba ya matale, kama hii yetu, mna chembe za urani, nazo huzaa hewa iitwayo redoni, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hukusanyika katika vyumba vya chini visivyopitisha upepo. Shirika la Afya Duniani lataja redoni kuwa miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya mapafu baada ya tumbaku. Kinga yake ni madirisha yanayopishana upepo na sakafu isiyo na nyufa. Lakini chumba chetu chaweza kupata dirisha upande mmoja tu. Upande wa pili ni mlima.

Mume wangu akauliza, “Basi tusiweke watu, tuweke mahindi?” Nikamwambia hata hayo hayafai. Mahindi penye unyevu huota kuvu, na kuvu huleta sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Ya nne ni fedha. Fundi alikadiria shilingi 6,400,000 kwa kazi yote. Mpangaji mwanafunzi angelipa 45,000 kwa mwezi, kwa miezi 10 ya mwaka, yaani 450,000. Gawanya, utaona miaka 14 na zaidi kabla fedha hazijarudi, wala hapo sijahesabu matengenezo.

Lakini si hesabu iliyokata shauri. Mwezi wa Aprili mama mkwe alikuja kututembelea, nasi tukamwonyesha. Akaketi juu ya kigoda mle ndani, akatazama pande zote, akanyamaza kitambo. Kisha akamwambia mwanawe, “Mwanangu, mlango huu ni mzuri, hauna ngazi. Lakini ninyi nyote mko juu. Nikikabwa usiku, nani atanisikia?” Mume wangu akainamisha kichwa. Hakuna aliyemjibu, maana alikuwa amesema lile tulilolizunguka miezi yote.

Ndipo tukatoka nje, tukaizunguka nyumba, tukatazama upande wa mlimani. Huko sakafu yetu iko karibu sawa na ardhi, na njia ya juu, ambayo bodaboda hufika, ipo hatua 30 tu, ila katikati pana kipande cha kiwanja cha jirani. Tukamwendea jirani kwa adabu. Akatukubalia upenyo wa mita moja na nusu kando ya mpaka wake, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Tukatengeneza njia ya zege isiyo na ngazi, tukaweka bomba la kushikia, tukatoboa mlango katika chumba cha nyuma. Pamoja na mfereji wa maji nyuma ya ukuta, gharama ilikuwa shilingi 1,750,000.

Haikupatikana bure. Chumba cha nyuma kilikuwa cha wavulana, nao sasa hulala sebuleni, na kila asubuhi magodoro hukunjwa kwa manung'uniko. Karo tungali tunaitafuta kwa njia nyingine. Na ile nafasi ya chini ina majembe na baiskeli kama zamani, na tangi la maji juu yake. Lakini mama akikohoa usiku, twasikia.

Basi, wenzangu mnaojenga penye miteremko, kabla hamjashika sururu, ulizeni maneno manne. Je, kimo kinatosha pasipo kuchimba? Je, ukuta wa nyuma ulikuwa mkavu masika mawili mfululizo? Je, upepo waingia upande mmoja na kutoka upande wa pili? Na je, yule atakayelala humo, yeye mwenyewe mmemwuliza? Ikiwa majibu yote manne ni ndiyo, jengeni, na chumba kitawafaa. Likikosekana hata moja, izungukeni nyumba kwanza, mtazame na upande wake wa pili.