ZUZU SI YA MAZUZU: UFUNGUO WA MWALIMU ANAO NANI?

Haya wajameni, wiki hii safari ni ya Zuzu. Usianze kucheka. Najua kwenye kamusi zuzu ni mtu mjinga, na ukimwambia shoga yako wa Kinondoni kwamba mchumba wako kapangiwa kufundisha Zuzu, atadhani unamtania. Lakini kwa taarifa yako, Zuzu ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi, kwenye njia ya reli ya kati ile ya Wajerumani iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Tena pale ndipo kilipo kituo kikubwa cha TANESCO cha kupoza umeme, na laini ya kilovolti 400 inayotoka Iringa inapita hapo kuelekea Singida na Shinyanga. Kwa hiyo Zuzu si gizani. Giza liko kwetu tusioijua.

Kutoka mjini unaondoka na daladala au bodaboda. Magorofa yanabaki nyuma, inaanza vichaka vya miiba, mibuyu, ng'ombe na vumbi ambalo shati jeupe halilipendi hata kidogo. Ukikutana na mzee wa Kigogo usimrukie na "mambo vipi". Mwambie "Mbukwa", kwa adabu, halafu uone uso unavyofunguka.

Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe: kuta za miti na udongo, juu paa bapa la udongo vilevile. Sisi wa mjini tukiiona tunasema ushamba. Haya, kaa chini ya bati saa nane mchana mwezi wa Oktoba, halafu uingie kwenye tembe, uniambie mshamba nani. Paa lile liko chini na ni zito. Jua halipenyi kirahisi, na upepo wa Ugogo unapita juu bila kupata cha kung'oa.

Sasa nyumba ndiyo hasa iliyonileta huku. Si ya Mgogo, yeye anayo. Nazungumzia nyumba ya mwalimu.

MGENI ASIYE NA PASIPOTI

Chukua kijana wa Bukoba, au binti wa Mtwara, kamaliza chuo, kapata ajira, kapangiwa huku. Kigogo hajui, ndugu hana, mvua ya hapa inanyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, na mlenda hajawahi kuuona. Kwake hii ni nje ya nchi kabisa, ila pasipoti tu ndiyo haikugongwa muhuri. Anashuka na begi, godoro na ndoo. Kwenye shule nyingi za nchi hii, swali la "nitalala wapi?" linajibiwa kwa kikohozi. Nyumba za walimu hazitoshi. Utajua mwenyewe.

Hii kasheshe ina historia. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, watu wakakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Mwaka 1974 chama cha TANU, kikiwa Musoma, kikaazimia kila mtoto asome, na 1977 UPE ikaanza nchi nzima. Shule zikafika vijijini kwa kasi. Walimu nao wakafundishwa kwa haraka, wakapelekwa. Nyumba zikaja nyuma zikichechemea, nyingi kwa nguvu za wanakijiji wenyewe. Mpango wa MMEM, 2002 hadi 2006, ulijenga madarasa na nyumba za walimu pia, lakini watoto waliofurika baada ya ada kufutwa walikuwa wengi kuliko matofali.

Basi mwalimu anarudi mjini kupanga chumba. Na mjini nako, tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, mwenye nyumba kajua thamani ya chumba chake. Anataka kodi ya miezi kadhaa mkononi, kabla mshahara wa kwanza haujaonekana. Halafu kuna nauli ya kwenda na kurudi kila siku. Unaona mambo hayo? Kazi kapata, mshiko unaishia barabarani.

Anayelipia zaidi ni mwanafunzi. Mwalimu anayekaa shuleni, jioni yupo. Mtoto aliyekwama kwenye hesabu anagonga mlango. Mzazi anapita kusalimia, wanajuana. Mwalimu wa nauli akisikia kengele ya mwisho, roho iko kwenye gari la kurudi. Simlaumu hata kidogo. Hata wewe ungeondoka.

MGENI MWENYE PASIPOTI

Hapo ndipo inapouma. Mwalimu akitoka ng'ambo, nyumba inakuwa jambo la kwanza. Chukua wale vijana wa Peace Corps wa Marekani, ambao wamekuja Tanzania kufundisha kwa vipindi tofauti tangu miaka ya 1960, wengi hisabati na sayansi. Kijana hapelekwi shuleni hivi hivi. Shule au kijiji kinachomwomba ndicho kinachomtafutia nyumba: mlango unaofungika, choo, usalama. Machi 2020 korona ilipoingia, waliitwa nyumbani wote, dunia nzima. Watu waliondoka, nyumba zikabaki zimesimama.

Sisemi Mmarekani anyimwe. Mgeni ni mgeni, tumelelewa hivyo. Ila jiulize: kama kijiji kinaweza kutafuta nyumba kwa ajili ya mgeni wa Ohio, kwa nini mgeni wa Bukoba aambiwe atajua mwenyewe? Wote hawajui Kigogo!

Wakoloni hili walilielewa, tena kwa faida yao. Ushahidi uko mkoa huuhuu. Rudi mjini, shika barabara ya Morogoro, pale Mbande kata uende Kongwa. Waingereza walikuja hapo mwaka 1947 na mradi wa karanga. Walitumbukiza mamilioni ya pauni, karanga zikagoma, na 1951 mradi ukafa. Lakini walikuwa wameshafungua shule ya watoto wa Kizungu mwaka 1948, na mradi ulipokufa, nyumba zilizoachwa zikawa mabweni na makazi ya walimu waliotoka kwao. Mwaka 1958 shule ikafungwa, wanafunzi wakahamia Iringa kwenye St Michael's and St George's, ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Karanga hazikuota, lakini walimu walikuwa na pa kulala.

SIKU UKIONDOKA WEWE

Wewe msomaji wangu unayeota kwenda kufundisha Kiswahili nje, ndoto si mbaya. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Tanzania na Afrika Kusini zilitia saini makubaliano ya kufundisha lugha yetu kwenye shule za kule. BAKITA nao wanaandikisha wataalamu. Milango ipo.

Lakini mkataba ukija, usikimbilie tarakimu ya mshahara. Tafuta neno nyumba. Kule Ghuba mwajiri anaweza kukupa fleti, au posho ya nyumba ukatafute mwenyewe. China, vyuo vingi huwaweka walimu wa kigeni ndani ya eneo la chuo. Tamu sana, ila tafuna polepole. Uliza haya: Ni chumba chako peke yako au mnachangia? Maji na umeme analipa nani? Mke au mume anaruhusiwa kuja? Na kubwa kuliko yote: kazi ikiisha, una siku ngapi za kutoka?

Kwa sababu nyumba ya kazi ina utamu na kamba. Bosi wako ndiye mwenye nyumba wako. Mkikorofishana ofisini asubuhi, jioni unaweza kukosa vyote, kazi na kitanda, na nje ya nchi kibali cha kukaa mara nyingi kimefungwa kwenye kazi hiyohiyo. Kwa hiyo kila ahadi iandikwe. Ya mdomoni ni upepo. Na hata fleti ingekuwa bomba namna gani, tenga vijisenti vya pango la miezi miwili mitatu, usiviguse. Hiyo ndiyo tembe yako.

Na kwa wakubwa wanaopanga mambo ya Dodoma mpya: mji unapanuka kila upande, na Zuzu nayo imo. Tengeni cha mwalimu sasa, ardhi ikiwa bado ipo. Pambaneni na nyumba mbili tatu karibu na kila shule, zenye tangi la maji ya mvua na dari ya kuzuia joto la bati. Mwalimu akipata ufunguo, kijiji kinapata mwalimu wa jioni.

Mzuzu hapa si anayekwenda kufundisha Zuzu. Mzuzu ni yule anayemleta mwalimu halafu anasahau kwamba usiku utaingia.