Jicho Laona, Akili Yahukumu

Leo sikuletei kisa cha kusimuliwa. Nakuletea kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu anayeficha kosa lake huwanyima wanafunzi wake darasa moja kubwa.

Nilipasuliwa jicho la kulia kwa ajili ya mtoto wa jicho, nikakaa siku mbili limefungwa kitambaa. Katika siku hizo mbili nilimimina kahawa nje ya kikombe mara tatu. Kikombe nakiona, rangi yake naijua, lakini mahali pake pananipotea. Ndipo nilipoitambua neema ambayo nilikuwa nayo miaka sitini na zaidi pasi na kuishukuru. Mwenyezi Mungu ametupa macho mawili yaliyoachana kidogo. Kila moja hukiona kitu kwa upande wake, na akili huzilinganisha picha hizo mbili ikajua kitu ki karibu au ki mbali.

Siku ya pili, baada ya alasiri, nilikuwa nimeketi na wageni wawili. Akaja mjukuu wangu, mtoto wa miaka 12, na simu mkononi. Mama yake alitaka kutununulia kasha la nguo, na muuzaji ana programu ambayo ukiielekeza simu chumbani, kiooni unakiona chumba chako kama kilivyo, na ndani yake kasha ambalo halipo. Wataalamu huuita mchezo huu uhalisia ulioongezwa.

"Babu, tazama, litafaa chini ya dirisha?" akauliza.

Nikatazama. Mimi niliona kasha dogo linaelea juu ya sinia la kahawa, mbele ya miguu yangu. Nikamwambia hivyo. Akasema, "La, Babu, liko kule, limegusa ukuta." Nikanyoosha bakora yangu mpaka kwenye sinia, na pale kiooni kasha likaifunika bakora. Nikasema, "Kinachofunika ndicho kilicho mbele. Kasha li karibu kuliko bakora yangu, nawe waniongopea."

Neno hilo nililitamka mbele ya wageni. Mtoto akainamisha kichwa, machozi yakamlenga.

Lakini hakuondoka. Akavua kofia yake akaiweka sakafuni chini ya dirisha, pale aliposema ndipo ulipo mguu wa kasha. Kisha akanipa simu, akaniambia kwa adabu, "Babu, iache bakora palepale kwenye sinia, kisha sogea hatua mbili upande." Nikasogea. Lahaula! Kasha likaachana na bakora, likabaki pamoja na kofia. Nikasogea tena upande wa pili. Kasha halikubanduka kwenye kofia. Mtoto alikuwa na haki, na mimi nilimwita mwongo.

Sasa, ndugu msomaji, huenda ukauliza: ilikuwaje watu wawili wakitazame kitu kimoja, kila mmoja akione mahali pake? Nami nilijiuliza hivyo usiku kucha.

Kwanza, nilidhani sababu ni jicho langu lililofungwa. Sivyo. Kioo cha simu ni bapa, na macho yote mawili hupata picha ile ile moja. Mbele ya kioo hicho sote ni chongo. Pili, programu ile haikuchora kivuli cha kasha sakafuni, na kivuli ndicho kinachotuambia kitu kimegusa wapi. Kasha dogo lililo karibu na kasha kubwa lililo mbali hutoa picha moja. Tatu, simu ile haikujua kwamba bakora ilikuwa mbele. Ililichora kasha juu ya kila kitu, na mimi nikaifanya kasoro hiyo kuwa ushahidi. Na la nne ndilo kubwa: mtoto alikuwa amelizunguka kasha kwa miguu yake, nami nilihukumu nimekaa kitako.

Jambo hili wazee wetu hawakulighafilika. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, aliandika katika Kitab al-Manazir kwamba kuona si kazi ya jicho peke yake. Akili hupima na kuhukumu. Alieleza kuwa umbali tunaujua kwa vitu tuvijuavyo vilivyopangana ardhini baina yetu na kile tunachokitazama. Wewe uliyekulia pwani walijua hili: nyumba iliyo ng'ambo ya mashamba waweza kuikadiria, lakini jahazi lililo peke yake katikati ya bahari hukuhadaa.

Na leo ziko miwani zinazovaliwa usoni, ambazo asili yake ni chombo alichokitengeneza Ivan Sutherland huko Marekani mwaka 1968. Hizi huonyesha kila jicho picha yake, kwa hiyo zinashinda simu. Hata hivyo bado kuna mvutano: macho hugeuka kuelekea pale kitu kinapodhaniwa kuwapo, ilhali lenzi ya jicho hulazimika kulenga umbali mmoja tu uliowekwa na miwani, kama vile mita 2. Watafiti wamekuta mara nyingi kwamba waliovaa vyombo vya namna hii hukadiria umbali mfupi kuliko uliokusudiwa. Kwa mnunuzi wa kasha, hasara ni ndogo. Lakini wapo madaktari wapasuaji wanaotumia picha kama hizi juu ya mwili wa mgonjwa, na hapo upana wa ukucha waweza kuwa ndio tofauti ya uzima na mauti. Kwa hiyo hupima kwa chombo kingine, hawaridhiki na jicho.

Basi, ndugu yangu, ikiwa mpasuaji hupima kabla ya kukata kwa kisu, mimi na wewe tupimeje kabla ya kukata kwa ulimi? Mimi sikusema uongo niliposema "naona kasha hapa." Kosa langu ni kusema "wewe waongopa." La kwanza ni habari ya jicho langu, la pili ni hukumu juu ya moyo wa mtu, na sikusogea hata hatua mbili kuitafuta.

Siku ya pili yake niliwaita wale wageni wawili, nikamwomba mjukuu wangu radhi mbele yao, kwa kuwa aliyevunjiwa heshima hadharani hairejeshewi chumbani. Yeye alicheka tu, akanimiminia kahawa. Haikumwagika hata tone.

Nawe, mwenzio akikuambia kitu kiko mahali usipopaona, nenda kwanza usimame aliposimama.