Mbavu za Saa Saba

Hapa chuoni ukitaja mbavu, mawazo ya watu yanakwenda moja kwa moja kwenye jiko la nje ya baa: moshi, ndizi, pilipili, na jamaa mwenye kisu kikubwa anayekukatia juu ya gogo. Nyama choma yetu ni ya haraka na inataka meno. Unahangaika nayo mpaka taya ziume, na wote tumekubaliana kwamba huo ndio utamu wenyewe. Sina ugomvi na hilo. Ila likizo iliyopita nilipika kwetu Sindeni mbavu za aina nyingine, zinazokaa kwenye chungu saa saba, na nilikuwa na sababu.

Sababu ni babu. Magego yake yameisha moja moja, ya mbele yamebaki machache. Kwetu nyama haipikwi kila siku. Ikipikwa basi ni sikukuu, ni mgeni au ni msiba, na ndizo siku ambazo babu alianza kuchelewa kutoka chumbani. Wenzake wanakaa kwenye mkeka, wanakula, yeye anatokea wakati watu wananawa mikono. "Mimi nishashiba," anasema, halafu anaomba supu. Mama alijaribu kumtwangia nyama kwenye kinu kidogo. Alikula mara mbili. Ya tatu akasema yeye si mtoto mchanga, na hakuna aliyemjibu.

Bumu lilipoingia nikanunua chungu cha umeme kwa muuza vyombo vya mtumba. Ni chungu kizito cha udongo uliochomwa, kimekaa ndani ya kasha linalopata moto taratibu, na kina mfuniko wa kioo. Changu kilikosa kishikio cha mfuniko. Baba amefunga skrubu na kizibo cha chupa, kinafanya kazi. Ukitaka kununua, soma kwanza kibandiko cha chini. Vilivyotoka Uingereza vinatumia umeme kama wetu na plagi ya pini tatu. Vya Marekani ni vya volti 120, ukivichomeka hapa unaviua siku hiyohiyo.

Historia yake nayo imenifurahisha. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza mwaka 1940. Wazo lilitokana na simulizi za mama yake kuhusu kijiji chao Lithuania: Ijumaa kabla jua halijazama, Wayahudi walipeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate, vikalala humo na joto linalofifia mpaka Jumamosi, kwa kuwa siku ya Sabato hawawashi moto. Kwa hiyo si akili ya kiwandani tu. Ni hadithi ya jikoni iliyotiwa waya.

Mama hakukiamini. "Saa saba na umeme? Mwanangu, utatumalizia luku." Nikachukua kalamu. Chungu kina wati 200, kwa saa saba ni uniti 1.4. Sisi ni wateja wa matumizi madogo, hatuvuki uniti 75 kwa mwezi, na kwetu uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kwa hiyo mlo mzima haufiki shilingi mia mbili. Mama akanyamaza. Anauza mkaa kando ya barabara inayotoka Korogwe kwenda Handeni mjini, na hesabu ya visado anaijua kuliko mimi. "Kumbe kisado ninachounguza hapa ndani," akasema, "ni kisado ambacho sijauza."

Tangu Mei 2024 nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nauunga mkono, nimekulia kwenye moshi. Lakini mijadala yake hapa chuoni huwa inamzungumzia anayenunua mkaa mjini. Anayeuuza Sindeni, ambaye gunia lake ndilo lililonilipia michango ya shule, sijasikia akipewa hata dakika tano.

Turudi kwenye mbavu. Za mbuzi, kilo mbili. (Marekani mbavu zinazosifiwa zaidi ni za nguruwe, wenzangu wa kitimoto mtaniwia radhi, nyumbani kwetu hazingii.) Upande wa ndani kuna utando mwembamba, uvute utoke wote. Paka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Mchuzi nilitumia ukwaju uliolowekwa, nyanya nne za kusaga na vijiko vitatu vya asali. Wamarekani wanatia siki na sukari. Ukwaju na asali vinafanya kazi hiyohiyo na vinapatikana kwetu. Maji nusu kikombe tu, nyama itatoa yake.

Mbavu zimefungwa kwenye mfupa kwa kolajeni. Ukiipiga moto mkali inajikunja na kukaza, ndiyo ile inayotuumiza taya. Ukiishikilia kwa saa nyingi kwenye joto lisilofika la kuchemka, inalainika na kuwa jelatini, kitu kilekile kinachofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Hapo dawa ni muda. Niliwasha saa mbili asubuhi na kuwakataza wadogo zangu kufunua, maana kila ukifunua joto linatoka na upishi unarudi nyuma. Saa sita umeme ukakatika. Nikafunika chungu na blanketi, ukarudi baada ya nusu saa. Ungechelewa ningehamishia kwenye sufuria jikoni. Nyama isiachwe vuguvugu.

Chungu hiki kina udhaifu mmoja: hakibabui. Nyama inatoka laini, lakini imepauka kama ya hospitali. Kwa hiyo saa tisa nikawasha mkaa kidogo sana, nikaupunguza mchuzi mpaka ukawa mzito, nikazipaka mbavu na kuziweka juu ya wavu dakika kumi, nikizigeuza kwa uangalifu zisiachie mfupa. Harufu ilipotoka, majirani wawili walikumbuka kwamba walikuwa na shida na baba.

Nilimpelekea babu wa kwanza, palepale kwenye mkeka, pamoja na bada. "Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Supu?"

"Mbavu, babu."

Aliniangalia kama namtania. Kisha akashika mfupa mwenyewe, akavuta, nyama ikaachia. Akatafuna kwa fizi, polepole, wazee wenzake wakiendelea na habari zao za mvua. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi na mama mlangoni.

"Mke wangu," akasema, "nyama hii mbona haina ubishi?"

Alikula mbavu nne na mifupa akaipanga ukingoni mwa sahani. Hakuomba supu. Wenzake walipoondoka alimwita mama, akamuuliza makongoro siku hizi yanauzwaje, na kama yale nayo yanaweza kuingia kwenye kile chungu.

"Yanaweza, baba," mama akasema. "Ila hayo ni ya kulala nayo usiku kucha." Akaenda kusoma mita.